Kwa mliookoka juzi na tayari mmempangia Mungu tarehe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wapya.

Naandika kwa sababu mkesha uliopita umenikera, na afadhali nikereke kwa maandishi kuliko kumvuta mtu sikio pale madhabahuni. Mlisimama mmoja baada ya mwingine: huyu kapokea gari, yule kapokea mume, mwingine kapokea kazi, vyote kabla ya Desemba. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ina mazoea. Lakini mimi ndiye ninayebaki na wenzenu ikifika Januari. Wanaanza kukaa viti vya nyuma karibu na mlango, halafu wanahamia kanisa lingine, halafu hawahamii popote. Sisi tunasema wamerudi nyuma. Wengi niliowafuata majumbani hawakuwa na dhambi mpya ya kusimulia. Walikuwa wanaona aibu kwa ahadi waliyoitangaza na haikuja.

Haya hayamo kwenye kitabu cha darasa.

1. Mstari ukikubariki, soma na uliotangulia. Yeremia 29:11 mmeiweka kwenye kava za simu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Sawa. Sasa panda juu kidogo, maana hii ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Aya ya 10 inataka kwanza miaka 70 itimie huko Babeli, na aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani, yaani mizigo waifungue kabisa. Wengi walioisikia barua ile wakiwa watu wazima walizikwa hukohuko ugenini. Sura ya nyuma yake yumo Hanania, nabii aliyewaahidi watarudi ndani ya miaka 2. Nadhani semina zake zingejaa hata leo. Alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Msinilishe maneno, sijasema kila anayetoa tarehe atakufa. Nasema tarehe kuwa karibu hakuifanyi imani kuwa kubwa.

2. Kabla hujasema "Mungu aliniahidi", jiulize ni nani hasa alisema: Neno, mtumishi mgeni aliyekuja siku tatu akaondoka, au wewe mwenyewe siku ya pili ya kufunga kavu? Andika kwenye daftari, uache likae.

3. Shaka msiikimbilie kuikemea. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mimi na mume wangu tulianza kuomba mtoto tangu tulipofunga ndoa. Nilikuwa na neno. Nililipewa kwenye semina mbele ya watu, lile la Elisha na mwanamke Mshunami, kwamba mwaka ujao wakati kama huu nitakuwa na mtoto mikononi. Nikaenda soko la Karume, nikachagua nguo za kichanga za mtumba, nzuri kabisa, nikazifua na kuzikunja kwa imani. Wakati huo naongoza seli, kile kikundi cha maombi cha majumbani. Zile nguo zikawa zana za kufundishia: nachomoa soksi moja, naiinua juu, nasema, "Hii ndiyo imani." Watu wanaitikia ameni.

Ule mwaka ukaja, ukapita. Nikasogeza tarehe kimyakimya na kujifunza kusema "nimeshapokea rohoni", maneno ambayo hakuna anayeweza kuyakagua. Usiku nalala nikijiuliza kama kuna anayenisikia. Mume wangu sikumwambia. Nilikuja kujua baadaye kwamba naye, upande wake wa kitanda, alikuwa akijiuliza lilelile.

Basi akaja kwenye seli binti mmoja ambaye mimba yake ilikuwa imetoka hivi karibuni. Nikachomoa soksi yangu. Akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Dada, na Mungu asipotoa?"

Hakuwa anabishana. Lilikuwa swali langu, yeye alilitamka tu. Nami nikamkemea mbele ya watu wote. Nikamwambia hiyo ni roho ya kutokuamini, na kwamba kinywa cha namna hiyo ndicho kinachofunga tumbo. Naandika maneno haya na bado yananichoma. Nikaitisha maombi, tukamwekea mikono, akalia sana, sisi tukamshukuru Mungu kwamba amefunguliwa.

Hakurudi. Mwanzoni nilimpigia simu kwa kiburi, nikitaka kumrudisha kundini. Baadaye nikampigia kwa hofu. Miaka ilipita ndipo nikakutana naye kituo cha daladala, akaniamkia shikamoo, akaulizia afya yangu na ya shemeji, akapanda gari lake. Mimi msema sana nilikosa la kusema. Msamaha niliuomba kwa ujumbe wa simu, akajibu kwamba alishanisamehe. Kanisani haendi mpaka leo.

Niliporudi kuisoma ile 2 Wafalme 4, nikaikuta aya ya 16, ambayo miaka yote nilikuwa naikata katikati. Mshunami mwenyewe, mwenye ahadi yake, alimjibu mtu wa Mungu usoni asimwambie uongo. Elisha hakumkemea, na mtoto alizaliwa. Nilikuwa nimebeba ahadi ya yule mama, swali lake nimeliacha.

Tangu hapo nawaona wenye shaka kila mahali. Sara tunamsema kwa kucheka alipoahidiwa mtoto, lakini Ibrahimu alishacheka kabla yake, tena akiwa kifudifudi (Mwanzo 17:17). Yohana Mbatizaji alituma watu kutoka gerezani kumwuliza Yesu kama ndiye au wamngoje mwingine. Yesu akawapa jibu la kumpelekea, kisha akamsifu mbele ya makutano. Na ile Mathayo 28 mnayoipenda kwa ajili ya uinjilisti, mmeiona aya ya 17? Yesu amefufuka, amesimama mbele yao: "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Akawatuma hivyohivyo. Yuda naye, yule wa waraka, si Iskariote, ameandika "Wahurumieni wengine walio na shaka", na sijawahi kuiona kwenye kanga.

4. Mke na mume mnaotafuta mtoto, nendeni hospitali. Wote wawili. Akina kaka, nimesema wote wawili.

5. Mtumishi akikuambia mbegu, yaani sadaka, ya kiasi fulani itaiharakisha ahadi, mwulize Ibrahimu alipanda kiasi gani kati ya miaka 75 na 100. Alipoharakisha, Ishmaeli akazaliwa yeye akiwa na miaka 86, na yaliyotokea baina ya Sara na mjakazi wake Hajiri, mama wa huyo mtoto, mnayajua.

6. Siku ambayo huamini kitu, njoo ibadani hivyohivyo. Huna haja ya kuimba, shika tu kitabu. Kwaya yetu ina sauti za kila namna, nyingine za kujaribu imani, lakini watakuimbia.

7. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli wote. Mmoja. Kundi la WhatsApp si mtu mmoja.

8. Mtauliza mimi niliishia wapi, na najua tangu namba 3 mnatafuta mahali ushuhuda unapogeuka. Sijazaa. Nguo nilishazigawa. Tunalea mtoto wa ndugu wa mume wangu anayesoma huku mjini, na wapendwa huniambia kwa furaha kwamba ndiye ahadi yenyewe. Hapana jamani. Mtoto ana mama yake, anampigia simu kila Jumamosi, na hastahili kutwishwa maombi yangu. Waebrania 11, sura mnayoiita ya mashujaa, aya ya 39 inasema hao wote hawakuipata ile ahadi, na bado wameshuhudiwa kwa imani yao. Niliisoma kwa hasira mwaka mzima kabla haijaanza kunifariji.

Bado naomba? Kuna mwezi naomba. Kuna mwezi nachukua tu maneno ya yule baba aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa, Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", nalala.

9. Alhamisi tunasoma Zaburi 88. Mje mmeshaisoma nyumbani hadi mwisho, mpaka kwenye lile giza. Mwaka jana mmoja wenu aliniambia Biblia yake imekatwa ukurasa. Haikukatwa. Hemani, mwenye zaburi hiyo, aliishia hapo, wakaimba.