Kabla hujamlipa mtu wa SEO, uliza funguo anashika nani

Kijana wa SEO, yaani kazi ya kuipandisha tovuti kwenye majibu ya Google, alikuja ofisini kwetu Moshi na laptopu mgongoni, akasalimia vizuri, akakaa. Akaandika jina la kampuni yetu ya utalii kwenye Google, tukatokea wa nne. "Dada, nipe mwezi mmoja tu, nakuweka namba moja." Siku hiyohiyo nikamtumia nusu ya malipo kwa M-Pesa.

Mwezi ulipoisha tulikuwa namba moja kweli, kwa jina letu wenyewe. Sasa mgeni aliyeko Hamburg, anayepanga kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, jina letu atalijulia wapi? Yeye anauliza njia ya Lemosho ni siku ngapi, bei ya Machame inajumuisha nini, wapagazi hupewa bahashishi kiasi gani. Kwa maneno hayo nilifungua hadi ukurasa wa sita bila kutuona. Kwa hiyo mtu akikuahidi namba moja, mwulize: kwa maneno yapi, na kwa anayetafuta akiwa wapi? Majibu ya Google hubadilika kulingana na mahali ulipo na lugha unayotumia. Kinachoonekana kwenye simu hapa Moshi si lazima kionekane Ujerumani.

Google wenyewe wameandika wazi katika mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua kati ya miezi 4 na mwaka mzima mpaka matunda yaonekane. Anayesema ana mtu wake ndani ya Google, mwache aende. Na ile beji ya ushirika wa Google ambayo wengine huionyesha inahusu matangazo ya kulipia. Haipimi ujuzi wa SEO.

Ahadi ile ilinigharimu pesa tu. Kilichoniumiza ni funguo.

Domeni yetu, yaani anwani ya tovuti, aliisajili yeye, kwa jina lake. Akaunti ya Search Console, huduma ya bure ya Google inayokuonyesha watu waliandika nini mpaka wakakufikia, aliifungua kwa barua pepe yake. Kila mwezi alinitumia kwenye WhatsApp picha ya grafu, mstari unapanda, nami nikaridhika. Ilipofika Mei, wakati ambao maombi ya msimu wa Juni hadi Oktoba huwa yanamiminika, barua pepe zikakauka. Nikampigia, hapokei. Nikamwandikia kila siku kwa siku 11, ndipo akanipa nywila, tena baada ya kumlipa salio ambalo hatukuwahi kukubaliana.

Nilipoingia nikakuta ujumbe wa Google wa wiki saba nyuma: tovuti imeadhibiwa kwa sababu ya linki zisizo za asili, yaani viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti nyingine vielekeze kwetu ili kuihadaa Google. Nikafungua orodha ya tovuti zilizoweka linki za kuja kwetu. Kamari. Dawa za nguvu za kiume. Blogu za lugha nisizozijua, na katikati ya maneno yasiyoshikana limechomekwa jina la kampuni yetu pamoja na neno Kilimanjaro. Niliisoma orodha ile hadi usiku, nikiwafikiria wapishi na wapagazi ambao mwezi wao unategemea simu yangu iite.

Linki za kununua ni ugonjwa wa zamani. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya linki za namna hiyo zilikuwa zikiipandisha JC Penney, duka kubwa la Marekani. Kampuni ikasema haikuziidhinisha, ikaachana na washauri wake wa SEO, lakini kwenye Google lililoporomoka ni jina la JC Penney. Aprili 2012 Google wakaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yakilenga hasa mchezo huo. Ukisikia mtu anakuuzia linki 500 kwa bei poa, mshukuru kwa muda wake.

Kusafisha kulichukua miezi. Tuliwaandikia wenye tovuti zile watutoe, zilizobaki tukaziorodhesha kwa Google kwamba hatuzitambui, tukaomba tukaguliwe upya. Msimu ule ulikuwa umeshapita.

Aliyenisaidia ni dada mmoja niliyeelekezwa na mwenye hoteli wa Arusha aliyefanya naye kazi miaka mitatu. Sikumwuliza mwenye hoteli kama tovuti yake imepanda. Nilimwuliza: alipokosea, alikwambia? Akanijibu, "Aliniambia kabla sijagundua." Hilo lilinitosha kumpigia.

Kikao cha kwanza hakugusa kompyuta. Aliniuliza njia ipi inatubakizia faida, na wageni wanauliza nini kabla hawajalipa. Nikampa daftari ninaloandikia maswali ya simu, lile lenye doa la chai kwenye jalada, akakaa nalo saa nzima akinakili. Kurasa zetu mpya zilitoka mle. Kisha akasema, "Domeni kwanza, dada. Ikishakuwa kwa jina lako ndiyo tuanze." Yetu ni ya .co.tz, kwa hiyo tuliihamishia kwa msajili mwingine aliyeidhinishwa kusajili majina ya .tz, nikaandikwa mimi kuwa mwenye mali. Kwenye Search Console mimi ndiye mmiliki, yeye nikamwongeza kama mtumiaji. Grafu za WhatsApp zikaisha: kila mwezi tulikaa mbele ya skrini moja, na alianza na kurasa zilizoshuka.

Mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja. Ulipoisha tuliagana vizuri, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiondoa barua pepe yake kwenye orodha ya watumiaji. Haikuchukua hata dakika mbili, na kesho yake asubuhi ukurasa wa Lemosho ulileta maombi mawili.