Bosi ananiamsha usiku

SWALI: Shangazi, mi ni programa. Bosi anapiga saa 7 usiku eti seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo wa kampuni, imelala niamke niiamshe, ovataimu silipwi, na nisipopokea kesho yake ananisema mbele ya wenzangu. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwanangu, yani seva ilale wewe usilale! Soma mkataba wako, angalia kama zamu za usiku zimetajwa na malipo yake. Wala hudeki, Ufaransa tangu 2017 sheria inazitaka kampuni za watu 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuachana na simu ya kazi wakishatoka. Kila ukiamshwa andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, ila usitunze kwenye laptopu ya kampuni maana wakikufukuza inabaki kwao, halafu mwandikie bosi imeili, sio mdomo, uombe mpokezane zamu.