Kabla hujamwongoza mteja kufumba macho: kwa wanaoanza tiba ya uzingativu

Vijana wanaotoka vyuoni na shahada ya saikolojia au ushauri nasaha hunijia na swali linalofanana: tiba ya uzingativu, yaani kumfundisha mteja kutazama pumzi, mwili na mawazo yake yanavyotokea bila kujihukumu, inafundishwaje, na wataanza lini kuwafanyia wateja? Wengi huwa wameshapakua rekodi za sauti, wana kijitabu cha mazoezi ya wiki nane, na wamejaribu zoezi la pumzi jioni mbili tatu. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo. Nawaambia waanze kukaa wenyewe, yaani kufanya mazoezi haya ya tafakuri, kila siku, kwa miezi kadhaa, kabla ya kumwongoza mtu yeyote.

Hili si desturi ya wazee kuwachelewesha vijana. Waliojifunza hivyo kabla yetu walikuwa wanasayansi wakubwa, na hawakulikubali upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Toronto, Mark Williams aliyekuwa Wales na John Teasdale wa Cambridge, walikuwa wanatafuta njia ya kuzuia sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, isimrudie mtu aliyekwisha kupona. Walibobea katika tiba ya kubadili fikra na tabia, na nia yao ilikuwa kuchukua mazoezi machache ya umakini na kuyapachika kwenye kazi waliyoizoea. Wakaenda Worcester, Massachusetts, kwenye kliniki iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo kikuu cha tiba cha jimbo hilo. Huko waliambiwa wazi kwamba asiyekaa mwenyewe hawezi kufundisha. Walirudi kwao wakaendelea na mpango wao wa awali, hadi walipokutana na wateja ambao hisia kali ziliwapanda katikati ya zoezi, na utaalamu wa kutatua matatizo haukuwafikisha popote. Ndipo wakarudi Worcester, wakawatazama walimu kwa makini zaidi, na wakaanza kukaa wenyewe. Tiba ya utambuzi yenye msingi wa uzingativu, ambayo wewe leo unataka kuifanya, ilipata sura yake baada ya hapo.

Nikuonyeshe kwa nini. Chukua wiki ya kwanza, zoezi la kuupitia mwili. Wateja wamelala kwenye mikeka, umewaongoza kutoka vidole vya mguu wa kushoto, unyayo, kifundo, ukapanda taratibu hadi utosini. Zoezi likiisha wanakaa, unawauliza waliona nini. Mama mmoja anasema: "Mwalimu, mimi sijapata kitu. Mguu wenyewe sikuusikia, halafu nikaanza kuwaza ada ya shule."

Mgeni wa kazi hii atamjibu kwa huruma: "Usijali mama, wiki ijayo jaribu kutulia zaidi." Kwa maneno hayo amemthibitishia kwamba ameshindwa, na kwamba lengo lilikuwa kutulia. Mtu aliyekaa na ada zake mwenyewe kichwani anajua kwamba mama huyu ameshaanza kazi. Anamuuliza: "Ada ilipokuja, ulijuaje kwamba umeshaondoka mguuni?" Mama anafikiri. "Nilishtukia tu niko ofisini kwa mhasibu, tunabishana." "Na mwilini palikuwaje?" "Kifua kilibana." "Ukafanyaje?" "Nikarudi. Nikakuta tumeshafika gotini."

Wazo limeonekana kuwa ni wazo, mwili umeonekana ukiliitikia, na mama amerudi bila kujigombeza. Maswali yale huwezi kuyakariri kitabuni, maana kila mteja analeta lake, nawe usipoijua njia ile kwa miguu yako utakimbilia kufariji au kutoa mawaidha. Nimesikiliza rekodi nyingi za wanafunzi, na mara nyingi kasoro haiko kwenye kuongoza zoezi. Sauti ni nzuri, maneno yako sawa. Kasoro iko kwenye dakika kumi za mazungumzo yanayofuata.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni kujua unachokifundisha kimetoka wapi. Zoezi lile la kuupitia mwili halikubuniwa hospitalini. Waingereza walipoichukua Mandalay mwaka 1885 na kumwondoa mfalme wa Burma (Myanmar ya leo), dini ya Kibuddha ilipoteza mlezi wake. Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) aliona kwamba dini itasimama ikiwa watu wa kawaida wataishika wenyewe, akaanza kuwafundisha walei elimu ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watawa. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima, Saya Thetgyi. Mkulima huyo akamfundisha U Ba Khin, aliyekuja kuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma baada ya uhuru wa 1948, na ambaye aliwafundisha hata wafanyakazi wa ofisini kwake. Kuupitia mwili sehemu baada ya sehemu, ukitazama kila hisi inayotokea na kupotea, ndiyo njia iliyoshikwa katika mkondo wao. Katika mji wa Rangoon, alikofundisha pia U Ba Khin, kuanzia mwaka 1949 mtawa Mahasi Sayadaw alikuwa anafundisha njia nyingine: kufuata tumbo linavyoinuka na kushuka, na kila kinachojitokeza kukitaja kimoyomoyo, "kuwaza, kuwaza", "maumivu, maumivu". Utakapomwambia mteja wako wa wiki ya sita alitambue wazo kuwa ni wazo na si ukweli wa mambo, fahamu kwamba unatembea karibu sana na njia hiyo.

Kutoka Asia mafunzo haya yalipelekwa Marekani na vijana waliokwenda kujifunza India, Burma na Thailand. Joseph Goldstein, Sharon Salzberg na Jack Kornfield walianzisha kituo cha tafakuri Barre, mji mdogo wa Massachusetts usio mbali na Worcester. Kabat-Zinn, mwenye shahada ya uzamivu ya baiolojia ya molekuli kutoka MIT, taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, alikuwa amefundishwa pia na Seung Sahn, mtawa kutoka Korea wa Zen, mkondo mmojawapo wa Kibuddha. Akiwa kwenye mafungo Barre mwaka 1979 ndipo lilipomjia wazo la kupeleka mazoezi haya kwa wagonjwa wa maumivu sugu, wale ambao madaktari walikuwa wamefikia ukomo nao. Kwa makusudi kabisa aliacha lugha ya dini nje ya mlango wa hospitali.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu utasikia, na pengine utatamani kurudia, kwamba tunatumia mbinu ya miaka 2,500. Usiseme hivyo. Maandiko kama Satipatthana, hotuba ya Buddha kuhusu uzingativu, ni ya kale kweli, lakini mwalei kukaa mafungo ya siku kumi na kurudi kazini kwake ni jambo la karne iliyopita, na wiki nane za kliniki ni jambo la juzi. Mteja anastahili historia ya kweli.

Sasa suala la dini, ambalo kwetu halikwepeki. Mteja Mkristo atauliza kama anaingizwa kwenye ibada ya sanamu. Mteja Mwislamu atauliza kama hili lina shirki ndani yake. Jibu lianze na ukweli: ndiyo, mazoezi haya yametoka kwa Wabuddha. Kisha mweleze kitakachotokea chumbani: hakuna sanamu, hakuna kusujudu, hakuna maneno ya kukariri kumwita yeyote, hakuna imani anayotakiwa kuikiri. Kengele nyingi zinazouzwa kwa kazi hii zina sura ya hekaluni. Mimi situmii kabisa, sauti yangu inatosha kufungua na kufunga zoezi. Halafu mwachie aamue. Akikataa, usimbembeleze. Kuna tiba nyingine nzuri za sonona, na kumrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye shughuli zake ni mojawapo.

Kuna njia ya mkato ambayo naiona mara kwa mara na siipendi: kumwambia Mwislamu kwamba hii ni kama dhikri tu, au Mkristo kwamba ni kama sala ya kimya. Anayefanya dhikri anamkumbuka Mungu. Anayesali ana anayemwelekea. Mtu anayetazama pumzi kwenye mkeka wa kliniki hamwelekei yeyote. Ukivichanganya umemkosea mteja, umeikosea dini yake, na umewakosea Wabuddha pia.

Kwa Wabuddha nako tumechukua sehemu tu. Katika Njia ya Mambo Manane, mwenendo ambao Buddha aliwafundisha wafuasi wake, uzingativu sahihi ni la saba, na limezungukwa na usemi, matendo na riziki iliyo safi. Mtawa hatazami pumzi ili alale usingizi mzuri. Anatazama ili aone kwa macho yake kwamba kila kitu kinapita, kwamba "mimi" ninayeng'ang'ania si kitu cha kudumu, na hatimaye tamaa inayozaa mateso ikome. Sisi tunataka sonona isirudi, au mwenye mgongo unaouma aishi vizuri zaidi. Ni lengo halali, na ni dogo kuliko lao. Ukitaka kusikia mafundisho kamili nenda kwa wenyewe. Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda kuna kituo karibu na Entebbe kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda. Nenda ukiwa na adabu ya mgeni, uulize, usikilize.

Fundisho moja la Buddha nalitumia karibu kila kundi, kwa jina lake na bila kuficha chanzo: la mishale miwili. Mtu akichomwa mshale anaumia. Asiyefundishwa anahuzunika, analalamika, anajipiga kifua, na hapo ni kama amechomwa mshale wa pili. Wenye maumivu sugu hulielewa mara moja. Mshale wa kwanza ni kiuno. Wa pili ni "nitakuwa mzigo kwa watoto", "kazi nitafukuzwa", "Mungu ameniacha", saa nane za usiku. Tahadhari tu usilitumie kumwambia mtu kwamba maumivu yake ameyataka. Mshale wa kwanza upo na unauma.

Kuhusu ushahidi, uwe na namba chache unazozijua vizuri. Utafiti wa Teasdale na wenzake wa mwaka 2000 ulikuwa na watu 145 waliopona sonona. Kwa wale walioipata mara tatu au zaidi, waliorudiwa katika wiki 60 walikuwa asilimia 66 kwenye huduma ya kawaida na asilimia 37 waliopata mafunzo haya. Kwa walioipata mara mbili tu, hapakuwa na faida. Kwa hiyo uliza historia kabla ya kumpokea mtu. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa Uingereza, wenye watu 424, uliwalinganisha waliopata mafunzo pamoja na msaada wa kupunguza dawa na walioendelea na dawa: kwa miaka miwili waliorudiwa walikuwa asilimia 44 na 47, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Mafunzo hayakuzishinda dawa. Aliyeko kwenye dawa asiziache kwa neno lako. Hilo ni la daktari wake. Na ukialikwa kufundisha shule nzima, ujue kwamba utafiti mkubwa wa Uingereza katika shule 85, uliotoa matokeo mwaka 2022, haukuona wanafunzi waliofundishwa uzingativu wakiwa na afya bora ya akili kuliko wenzao.

Ninapowasimamia wanaoanza, sehemu ninayowabana zaidi ni usalama. Kufumba macho na kuusikiliza mwili si jambo jepesi kwa aliyebakwa, aliyepigwa utotoni, au aliyekimbia vita. Kwa baadhi yao mwili ndimo tukio linamoishi. Zungumza na kila mtu faragha kabla ya kundi kuanza. Mwenye mawazo ya kujiua sasa hivi, anayesikia sauti, aliye kwenye ulevi mzito, au aliyezama kwenye sonona kiasi cha kushindwa kuoga, huyo apate huduma nyingine kwanza. Ukimpokea mwenye jeraha la zamani, mwambie mbele ya wote, ili asijione wa peke yake, kwamba macho yanaweza kubaki wazi, kwamba anaweza kukaa karibu na mlango, kwamba badala ya pumzi anaweza kusikiliza sauti za barabarani au nyayo zinavyogusa sakafu. Punguza dakika arobaini ziwe tano. Ukiona rangi imembadilika, pumzi imekuwa fupi, macho yanatazama mbali, simamisha zoezi, mwite kwa jina, mwambie ataje vitu anavyoviona chumbani. Baada ya kundi bakia naye, na jioni mpigie simu.

Mwisho wa mafunzo wengi huharakisha, na ndipo penye kazi ya kliniki kuliko zote. Wiki ya saba kila mteja aandike dalili zake yeye za sonona inaponyemelea. Aandike zake hasa: kuacha kupokea simu za dada, vyombo kulala bila kuoshwa, kuamka saa tisa akiwaza neno aliloambiwa zamani. Chini yake aandike atakachofanya siku hiyo: zoezi fupi la pumzi la dakika tatu, shughuli moja ndogo ya kumpa nguvu, mtu wa kumpigia, kliniki ya kurudi. Mwombe ampe nakala mtu mmoja anayeishi naye, maana sonona ikirudi, mara nyingi wa nyumbani huiona kabla ya mwenyewe.