Mafia na watoto wadogo

Dada, umeuliza kama kisiwa cha Mafia kinawafaa watoto wa miaka 3 na 6. Kinawafaa, ila usitegemee mabembea wala bwawa la watoto kila hoteli. Sisi tulifikia Utende, kijiji cha ufukweni humo kisiwani. Maji yakitoka, wanangu walishinda wakifukuza kaa kwenye matope, jioni hata katuni hawakuziulizia. Wavusheni hadi kisiwa kidogo cha Chole hapo jirani wakaone popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe. Kuogelea na papa potwe (yule papa mkubwa mno asiyedhuru watu), ambao huonekana Oktoba hadi Machi, mwachie huyo wa miaka 6, tena kama anaogelea vizuri. Boti ya kutoka Nyamisati, bandari ya huku bara, bahari ikichafuka ni matapishi matupu (niulize mimi!); mkijaliwa nauli, pandeni ndege Dar. Aprili na Mei msiende, mvua haina simile.