Kinda huyo si yatima

SWALI: Kwenye mti ulio karibu na dirisha langu kuna kiota nilichodhani ni cha dume na jike tu. Juzi nilikuta mmoja wao amekufa chini ya mti. Tangu hapo naona ndege wakubwa watatu, wote wa aina ileile, wakiingia na kutoka kiotani. Mmoja nimemwona akifika na panzi mdomoni, akasita, kisha akammeza mwenyewe. Leo asubuhi kinda mmoja alikuwa chini, ana manyoya lakini mkia bado mfupi, nikamweka kwenye boksi. Rafiki yangu anayefuga kasuku anasema niwafukuze hao wageni, na kinda nimlee kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, maana nikishamgusa mama yake hatamtaka tena. Nifanye nini?

JIBU: Mrudishe leo hii, kabla giza halijaingia. Mweke kwenye tawi la chini au kichakani, karibu na pale ulipomkuta. Kama kuna paka, afungiwe ndani. Kisha ondoka, ukae mbali kiasi kwamba ndege hawakuoni. Kinda aliyefunikwa manyoya huku mkia ukiwa mfupi ametoka kiotani kwa wakati wake. Anajifunza kuruka, na wakubwa wake wanajua alipo kwa sababu anawaita. Harufu ya mkono wako haiwezi kuwafanya wamtupe, kwa hiyo hilo liondoe kabisa moyoni.

Usimfukuze ndege hata mmoja. Kila msimu wa kuzaa naletewa makinda waliookotwa wakiwa wazima kabisa, na chanzo ni dhana moja: kwamba familia ya ndege ni dume, jike na makinda wao, basi. Mzazi mmoja akifa, kinda anahesabiwa yatima, na mkubwa mwingine yeyote akitokea anaitwa mwizi. Mwanazuoni wa ndege Alexander Skutch aliandika kuhusu wasaidizi wa kiotani, yaani ndege wakubwa wanaolisha makinda wasio wao, tangu mwaka 1935, na leo tunajua kwamba takriban asilimia 9 ya spishi za ndege duniani hulea kwa ushirika. Mwizi wa kiota haji na wadudu mdomoni. Akikaribia, wakubwa hupiga kelele za hatari na makinda hunyamaza na kujibana. Je, makinda wako walipanua midomo na kulia walipofikiwa na hao watatu? Basi hao ni watu wa nyumbani.

Mara nyingi wasaidizi ni watoto wa msimu uliopita, lakini si lazima. Mdiria weusi kwa weupe, ndege wavuvi wa Ziwa Victoria na Naivasha, walichunguzwa na mtafiti Heinz-Ulrich Reyer, naye akakuta wasaidizi wa namna mbili: wana wa jozi yenyewe, na madume wasio na undugu nao. Hao wa pili mwanzoni hufukuzwa. Huko Victoria, ambako kupata samaki ni kazi ngumu, walikubaliwa makinda walipoanguliwa na njaa ikaonekana. Naivasha, ambako uvuvi ni mwepesi, kwa kawaida walikataliwa. Jozi inapima mzigo wake, kisha inaamua nani apite.

Wala si kwamba wote hujitolea kwa moyo mweupe. Keremkerem wa paji jeupe, ndege wala nyuki wa kule Nakuru waliochunguzwa na watafiti Stephen Emlen na Peter Wrege, wana baba wanaomsumbua kijana wao aliyeanza kuzaa, wanamzuia asiingie kwenye shimo lililo kiota chake, mpaka anaacha uzazi wake na kurudi kumlisha mdogo wake. Na yule wako aliyemmeza panzi? Kwa ndege weusi wa Australia wenye mabaka meupe mbawani, wanaojenga viota vya matope, msaidizi ameonekana akimwekea kinda chakula mdomoni, kisha akakichomoa na kukila. Ni vijana wenye njaa, na huchukua miaka kadhaa kujua kujitafutia vizuri. Ndege hao hao wakipungua chini ya wanne hawafanikiwi kulea. Ukimfukuza mmoja kwa kosa la panzi, unaweza kuwa umeua kiota kizima.

Sasa mkate na maziwa. Nashangaa ushauri huu bado unatembea, tena kutoka kwa watu wanaojiita wafugaji. Ndege hana kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, kwa hiyo kinda huharisha na kukaukiwa maji mwilini. Mkate hauna protini wala kalisi ya kumtosha kiumbe anayejenga mifupa na manyoya ndani ya siku chache. Halafu kuna wale wanaomdondoshea maji kwa sindano. Mfungue kinda mdomo utazame: nyuma tu ya ulimi utaona kitundu kinachofunguka na kufumba. Hiyo ni njia ya hewa. Tone likiingia humo linakwenda mapafuni.

Hata anayempatia lishe sahihi hawezi kumpa kundi. Kuna ndege mdogo wa Ulaya na Asia, mwenye mkia mrefu kuliko mwili, ambaye kiota chake kikiharibika huenda kuwalisha makinda wa ndugu zake. Anawatambua ndugu kwa mwito, na mwito huo hujifunzwa kutoka kwa wakubwa waliomlisha akiwa kinda. Aliyelelewa jikoni atajifunza mwito wa nani? Ukimwachia baadaye, anakutana na makundi yanayolinda maeneo yao na yasiyomtambua.

Wapo wanaofanikiwa, ila tazama wanavyofanya. Mumbi wa kusini, ndege mkubwa mweusi atembeaye ardhini, hutaga mayai mawili kwa kawaida, na kinda wa pili karibu kila mara hufa njaa kiotani. Afrika Kusini, wataalamu wa mradi wa Mabula, unaowahifadhi mumbi, humchukua huyo wa pili peke yake, humlea wakijihadhari asiwazoee binadamu, kisha humpeleka porini kuishi na mumbi wazima wenye uzoefu ili wamfundishe. Hiyo ni kazi ya miaka, yenye kibali na madaktari wa wanyama.

Kwa hiyo sababu za kumchukua kinda wa porini ni chache: ana jeraha, ameng'atwa na paka hata kama huoni damu, ana mayai ya nzi mwilini, au hana manyoya na kiota hakifikiki. Hapo mweke kwenye boksi lenye giza na joto, usimpe chakula wala maji, na umfikishe siku hiyo hiyo kwa daktari wa wanyama au mamlaka ya wanyamapori. Aliyeng'atwa na paka anahitaji dawa ya kuua bakteria ndani ya saa chache.