Kugawa gereji upate ofisi: anza na ukuta wa kati

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nyumba yangu iko Mbezi Beach, Dar es Salaam. Nina gereji ya magari mawili, kama mita 6 kwa 6, ila siku hizi tuna gari moja tu. Nafanya uhasibu nyumbani, nataka nusu ya gereji iwe ofisi na gari libaki upande wa pili. Fundi ananiambia tupige ukuta wa plaiwudi, dari la jipsamu na marumaru, basi, kazi imeisha. Inatosha kweli? Na kibali kinahitajika?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua vifaa. Dari na marumaru ni vya mwisho. Cha kwanza ni ukuta utakaokutenga na gari, na hapo plaiwudi siiafiki kabisa.

Sababu yenyewe ni hii. Gari linapowashwa asubuhi injini ikiwa bado baridi, moshi wake unatoka na kaboni monoksaidi nyingi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huwezi kuinusa ukaikimbia. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu aliyeinamia vitabu vya hesabu kutwa nzima atadhani ni uchovu tu. Halafu kuna mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kupenya chini ya mlango. Ongeza hatari ya moto. Plaiwudi haizuii hata kimoja kati ya hivyo.

Jenga ukuta wa tofali, upige plasta pande zote mbili, na uupandishe mpaka chini ya bati. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Chukua ngazi na tochi uchungulie juu: katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani zinaishia usawa wa dari, na juu yake ni kenchi na uwazi mmoja kutoka mwisho wa nyumba hadi mwisho. Moshi unapanda upande wa gari, unapita juu ya ukuta, unashuka kwako kupitia tundu la taa. Ukimwachia fundi ataishia kwenye dari, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Mwambie mapema, na simama naye siku anapofunga kozi za juu, yaani mistari ya mwisho ya tofali. Mbao za kenchi zinapokatiza ukuta zizungushiwe mota, na mawimbi ya bati yazibwe yote.

Kati ya ofisi na gari usiweke mlango. Mlango wako uwe wa nje, kando ya nyumba, na hilo litakufaa pia wateja wakija. Kama una jenereta, nayo isiwashwe ndani ya gereji hata kama geti liko wazi.

Sasa uzito. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kwenda juu mita 3 una takribani tani 1 kwa kila mita ya urefu wake. Jamvi la gereji la kawaida, yaani sakafu yake ya zege, halikumwagwa kubeba mzigo kama huo kwenye mstari mmoja. Litapasuka, na ukuta utafuata. Kateni jamvi kwa upana wa kama sentimita 45, mchimbe hadi udongo mgumu, mmwage zege lenye nondo, ndipo mpandishe tofali. Kwenye ukuta wa zamani mfunge kwa vipande vya nondo kila baada ya kozi tatu, la sivyo mtaona ufa wima kwenye pembe kabla ya masika ya pili.

Kwa upana, gari liachie mita 3 au zaidi kidogo ili milango ifunguke bila kugonga ukuta. Utabaki na kama mita 2.7 kwa 6. Ni chumba chembamba, lakini meza ya sentimita 70 ikiegeshwa ukutani unapita nyuma ya kiti bila shida.

Sakafu ya gereji huwa na mteremko kuelekea getini ili maji yatoke. Weka pima maji juu ya ubao mrefu na utaona: kwenye mita 6 tofauti inaweza kufika sentimita 6 hadi 10. Kabla ya kusawazisha, pima unyevu. Bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa 1 sakafuni, kingo zote zizibwe kwa gundi ya utepe, ukiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini, na lazima utandike nailoni nzito kabla ya zege jipya. Madoa ya oili yachimbuliwe kwa tindo. Kuosha kwa sabuni peke yake hakutoshi. Saruji haishiki penye mafuta, na marumaru zitabanduka hapo hapo. Nyanyua sakafu ya ofisi angalau sentimita 10 juu ya ile ya gari, ukianza na upande ulio juu, lakini hakikisha kutoka sakafu mpya hadi dari panabaki si chini ya mita 2.4.

Joto la Dar es Salaam unalijua. Bati tupu juu ya dari la jipsamu ni tanuri kuanzia saa sita mchana. Fundi akiwa juu, atandaze foili (karatasi ya alumini ya kuzuia joto) chini ya bati, ung'avu ukiangalia chini na uwazi ukiachwa kati yake na dari. Madirisha yafikie angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na yawe kuta mbili kama nafasi ipo, ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite. Ukuta wa magharibi usiupe kioo kikubwa. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinatosha chumba hiki, ila usikitumie kama sababu ya kuruka foili.

Umeme usiunganishwe kutoka kwenye taa ya gereji. Vutia laini mpya kutoka meinswichi: soketi kwa waya wa milimita 2.5 na breka yake, kiyoyozi na breka yake peke yake, pamoja na breka inayokata umeme ukivuja. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta), inavuta umeme mwingi inapopasha moto.

Kibali kinahitajika. Unajenga ukuta wenye msingi na unafungua mlango na madirisha ya nje, kwa hiyo nenda Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni na mchoro pamoja na nakala ya hati yako. Waeleze wazi kama wateja watakuwa wanakuja, maana kiwanja cha makazi kikianza kupokea biashara, suala la matumizi ya ardhi linaingia, na ni rahisi kulimaliza sasa kuliko baada ya kuwekewa alama ya X ukutani.

Kabla ya kumlipa fundi chochote, pima kutoka sakafu ya sasa hadi chini ya kenchi upande ulio juu. Ikiwa ni chini ya mita 2.6, niandikie tena kabla hamjakata jamvi, maana hapo itabidi dari lifuate mteremko wa paa badala ya kulazwa, na mpangilio wa foili utabadilika.