Mlango Uko Wazi, Jukwaa Lina Ngazi

Huu ni mwaka wa tisa naongoza michezo ya kuigiza katika kikundi cha jamii, kwa kujitolea. Hakuna anayegawana faida pale. Kinachopatikana mlangoni kinaishia kwenye taa, maleba na kodi ya ukumbi. Wenzangu ni wauguzi, mafundi, wastaafu, wanafunzi, watu waliozaliwa mtaa uleule na wengine waliofika juzi kutoka nchi nyingine wakiwa na lugha tatu vichwani, na ya hapa bado wanaitafuta.

Wanaotaka kuanzisha kikundi cha namna hii huniuliza tangazo liandikweje ili watu wa kila asili, dini na hali ya mwili wajione wamekaribishwa. Nawaambia tangazo lingoje. Nionyesheni kwanza ratiba ya mazoezi.

Sisi tulikuwa na tangazo zuri sana. Mazoezi yalikuwa Ijumaa kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku. Watu wengi walikuja siku ya kwanza, ya pili wakapungua, na kufikia wiki ya nne tulibaki walewale tuliozoeana. Tukasema wageni hawajitumi. Nililisema hata mimi, mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitushonea maleba. Akanitazama akaniambia, "Mwanangu, basi la mwisho linaondoka saa tatu na nusu. Wewe una gari." Kisha akanihesabia: huyu Sabato yake inaanza Ijumaa jua likizama, yule anafunga mwezi huu na saa moja ndiyo saa yake ya kufuturu, yule binti hana wa kumwachia mtoto. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia mapema?" Akasema hakuna aliyemuuliza.

Tangu siku hiyo hatupangi saa kabla ya kuwauliza watu. Kila anayejiandikisha anaulizwa siku gani hawezi kabisa, anarudi nyumbani kwa usafiri gani, na kama yuko mtoto au mgonjwa anayemtegemea. Kalenda za dini zote zilizomo kikundini zinawekwa mezani kabla ya kuchagua tarehe ya onyesho. Mwongozaji analazimika kufanya mazoezi ya vipande vipande badala ya kuwaita watu wote kila siku. Ni kazi ya ziada, sikatai, lakini wanaobaki hadi siku ya onyesho wanakuwa wengi.

Jambo la pili ni usaili wa waigizaji, na hapa nina uchungu zaidi kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nampa mtu ukurasa ambao hajawahi kuuona, nikimwambia, "Soma." Niliamini napima uigizaji, kumbe nilikuwa napima kasi ya kusoma. Aliyesoma shule ya lugha ileile akapata nafasi kubwa, na anayesoma taratibu, au mwenye uoni hafifu, au anayeijua lugha kwa masikio kuliko kwa maandishi, akapewa kubeba mkuki nyuma. Siku hizi kurasa zinatolewa siku kadhaa kabla, pamoja na sauti iliyorekodiwa. Wanaofika wanafanya kazi wawili wawili, wanapewa maelekezo, kisha wanarudia onyesho lilelile. Kinachonivutia ni jinsi mtu anavyobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Bado pana lafudhi. Angalia orodha ya wahusika wa mchezo wenu uliopita: mwenye lafudhi ya ugenini alicheza nani? Kwetu alikuwa mlinzi, halafu mtumishi, halafu mlinzi tena. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo, ndiyo maana ilidumu. Sasa tuna desturi ya kuzisoma orodha za misimu mitatu kwa pamoja kabla ya kugawa nafasi mpya. Hakimu anaweza kuwa na lafudhi, na mpenzi naye vilevile. Watazamaji huizoea mapema sana. Wanaohangaika nayo ni sisi tulio nyuma ya pazia.

Kuhusu ulemavu, vikundi vingi hufikiria kiti cha mtazamaji na kuishia hapo. Tulikuwa na nafasi nzuri ya kiti cha magurudumu safu ya mbele na tukajisifu. Kisha akaja kijana anayetumia kiti hicho akitaka kuigiza, na jukwaa lilikuwa na ngazi, chumba cha kubadilishia maleba kiko chini, na choo kina mlango mwembamba. Msimu ule tulishuka sote, tukachezea sakafuni, watazamaji wakakaa pande tatu. Ukumbi ukikushinda, badilisha umbo la onyesho. Na msidhani mwigizaji mwenye ulemavu anapaswa kuigiza mambo ya ulemavu tu. Nchini Uingereza kuna kampuni ya Graeae, iliyoanzishwa mwaka 1980, ambayo kwa miongo yote hiyo imekuwa ikiwaweka viziwi na watu wenye ulemavu jukwaani kama waigizaji wa kazi hiyo, na si kama watu wa kuonewa huruma.

Mkalimani wa lugha ya alama naye ana mahitaji yake. Apewe mswada wiki mbili kabla. Asimame karibu na tukio lenyewe, maana akitupwa kwenye kona kiziwi atashinda akigeuza shingo. Nguo zake zitofautiane na rangi ya mikono yake. Awe na taa yake ambayo haizimwi hata jukwaa likiwa giza. Tulisahau hilo usiku mmoja, na dakika nzima ya maneno ikapotea kwa safu ya watu waliokuja kwa ajili yake. Onyesho moja katika kila msimu tunalifanya la utulivu: taa za ukumbi hazizimwi zote, milio mikali inapunguzwa, na mtu anaruhusiwa kutoka na kurudi. Tulilipanga kwa ajili ya watoto wenye usonji. Wazee nao hulifurahia, na wazazi wenye watoto wachanga.

Sasa suala la tamaduni. Kuvaa maleba ya watu fulani na kuimba wimbo wao hakujawajumuisha watu hao. Nawakumbusha wenzangu habari za Kamĩrĩthũ, huko Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000, na mazoezi yakafanyika mbele ya yeyote aliyepita. Waandishi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliandika mchezo, lakini wakulima na wafanyakazi wakawasahihisha: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Serikali ilizuia onyesho baada ya wiki chache, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Mimi nimechukua kwao ule mlango wa mazoezi ulio wazi. Tunapogusa maisha ya watu, tunawaita wakati mswada bado unaweza kufutwa. Ukiwaita wiki ya mwisho, unachotaka ni baraka zao tu.

Kisha ulizeni funguo anazo nani. Jina la nyumba ya sanaa ya Karamu, huko Cleveland, Marekani, litamgusa kila msomaji wa Kiswahili. Russell na Rowena Jelliffe, mke na mume Wazungu, waliianzisha mwaka 1915 kama kituo cha jamii katika mtaa wenye watu wa asili nyingi, na waigizaji weusi na weupe wakacheza pamoja wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa imewatenganisha. Neno letu lilianza kutumika kwa ukumbi wao, na mwaka 1941 likawa jina la taasisi nzima. Ninachokitazama zaidi ni kwamba uongozi wake haukubaki milele kwa waanzilishi. Leo Karamu inahesabiwa miongoni mwa majumba makongwe ya maigizo ya Wamarekani weusi. Kikundi chenye sura za kila aina jukwaani na sura moja katika bodi kina kazi bado. Sisi tuliweka ukomo wa miaka minne kwa kila mjumbe, nami nilitoka kwenye bodi kwa utaratibu huohuo.

Na fedha: nauli za waigizaji, mlezi wa watoto wakati wa mazoezi na malipo ya mkalimani viandikwe juu kabisa katika bajeti, kabla ya maleba na mandhari. Vikiandikwa mwisho ndivyo hukatwa kwanza. Msimu uliopita fedha zilipungua katikati ya mazoezi, na kilichokatwa kilikuwa mandhari. Tulicheza kwa viti viwili na shuka moja, mkalimani akiwa kwenye mwanga wake.